Bibi Yangu Hakuanguka Majini

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa nimtazame Meneja akifunga kamba za viatu, halafu nieleze kwa sauti kile anachofanya. Huo ndio ulikuwa mtihani wa kazi, hakuna mwingine. Shule mimi niliishia darasa la pili kwa mapadri, na hilo la pili lenyewe nusu yake niliimaliza shambani nikifukuza ndege kwenye mpunga. Lakini mdomo nilikuwa nao. Nikasema, "Bwana mkubwa ameinama. Tumbo linamkatalia. Kamba ya kushoto ameikamata, ya kulia imemkimbia. Sasa anatazama juu kama mtu anayeomba mvua."

Makarani wakaangua kicheko. Meneja naye akacheka akiwa bado ameinama, uso umemwiva. Akasema, "Huyu anatosha. Aanze leo."

Basi nikawa msimulizi wa picha. Ilikuwa Morogoro, miaka ya hamsini, mimi nina mke tayari na mtoto mmoja anayetambaa.

Kazi hii siku hizi haipo, kwa hiyo lazima niieleze, la sivyo mtadhani nilikuwa mtangazaji wa redio. Picha za kampuni yetu zilikuwa bubu. Sinema zenye sauti zilikuwepo mjini kwenye majumba, lakini sauti ni gharama, na kampuni yetu ilikuwa inatembeza picha kwa gari, kwenye mashamba ya mkonge, kwenye minada, kwenye misheni. Tulikuwa na shuka kubwa jeupe, tunalitundika kati ya miti miwili. Jenereta inawekwa mbali ili isituzibe masikio. Mashine ya kuonyeshea iliitwa projekta, na utepe wa picha ulizungushwa kwenye gurudumu la chuma tuliloliita rili. Picha moja ilikula rili nne. Msimulizi anasimama ubavuni mwa shuka na kipaza sauti, jua likishazama tunaanza, naye anasema kwa niaba ya kila mtu aliyemo: mume, mke, mtoto, mbuzi. Mimi nilikuwa nabweka kama mbwa vizuri sana. Rili moja ikiisha, kabla nyingine haijafungwa, watu wako gizani wanakutazama wewe. Hapo ndipo msimulizi alipojulikana. Ukinyamaza, wanaanza kupiga miluzi.

Mwenzangu garini alikuwa Shomari, Mzaramo, dereva na pia mwendesha projekta. Mtu mfupi, na miguu yake ilikuwa na misuli ya nyuma kama viazi vikuu viwili. Nasema haya si kwa kumsengenya, yeye mwenyewe alijisifia. Utepe ukikatika aliuunga kwa gundi upesi kuliko wewe kufunga kifungo cha shati. Tulizunguka pamoja Kilosa, Kidatu, Mahenge kwa kivuko, tukarudi. Kilosa niliumwa homa ya matumbo, lakini hiyo ni habari nyingine.

Sasa niwaeleze jinsi picha zenyewe zilivyotengenezwa, maana ugomvi wangu ulianzia hapo. Kampuni ilikuwa inachukua hadithi za wazee, inazigeuza kuwa picha. Mtu anatumwa kijijini, anasikiliza hadithi, inaandikwa, wanatafutwa watu wa kuigiza, kamera inakuja. Mpango mzuri. Nami niliupenda kwa moyo wote mwanzoni. Lakini Meneja alikuwa na ugonjwa mmoja: kitu kimoja kikichekesha watu pahala pamoja, basi lazima kiwe kila pahala. Kulikuwa na picha yetu moja yenye mwizi wa kuku. Watu wa mkonge waliipenda mpaka wakaangusha shuka. Tangu siku hiyo kila hadithi ikatiwa mwizi wa kuku. Nilisimulia hadithi ya sungura na fisi ina mwizi wa kuku. Nilisimulia hadithi ya mtakatifu mmoja kwenye misheni, ina mwizi wa kuku, na Padri akaniuliza mimi, kana kwamba kuku nilimwiba mimi.

Watu walipochoka na kuku, ikaja picha ya mlevi aliyeanguka kwenye dimbwi. Kicheko kikawa kikubwa kuliko cha kuku. Meneja akatuita ofisini.

"Maji," akasema. "Mnaona? Watu wanapenda mtu aanguke majini. Kuanzia sasa katika kila picha aanguke mtu majini."

Nikamuuliza, "Hata ya Dodoma, bwana?"

"Tutachimba shimo."

Shomari akanikanyaga mguu nisicheke.

Ndipo Meneja akasema anatafuta hadithi ya mto mkubwa, yenye maji ya kutosha, na mimi kwa ujinga wangu, tena kwa kujipendekeza, nikasema, "Bwana, kwetu Ifakara iko hadithi ya bibi yangu." Nikikumbuka neno lile hata leo najikunja.

Hadithi ni hii. Wakati wa Wajerumani kulikuwa na Jumbe mmoja, mkuu wa kijiji, kwetu bondeni. Mwaka wa mafuriko makubwa aliikamata mitumbwi yote, akasema anayetaka kuvuka kufuata wagonjwa wake au mashamba yake, kwanza amlimie yeye Jumbe. Asiyelima abaki ukingoni na maji yampandie. Bibi yangu, mama yake baba yangu, alikuwa ameficha mtumbwi mmoja kwenye matete. Akawa anavusha watu bure, amesimama, anasukuma kwa pondo, ule mti mrefu wa kujisukumia kwenye kina kifupi. Siku moja mtumbwi wa Jumbe mwenyewe ukamponyoka, akabaki kwenye kichuguu katikati ya maji, anapunga mikono. Hakukuwa na mtu wa kumwokoa ila bibi. Akampakia. Lakini walipokaribia ukingo, ambapo wale aliowanyima njia wamesimama, bibi akachomeka pondo, mtumbwi ukasimama. Akamwambia, "Waamkie." Jumbe akauliza, "Nani?" Akajibiwa, "Wote. Mmoja mmoja." Na Jumbe, mwenye kilemba chake, akatoa shikamoo kwa mkulima, kwa mjane, kwa kipofu, na kila mmoja akaitikia marahaba. Alipomaliza ndipo akashushwa. Tangu siku ile hakuweza tena kumwamuru mtu amlimie. Utamwamuru vipi mtu uliyemwamkia?

Huyo ndiye bibi yangu. Wengi walimwita Mvushaji, na mpaka leo ukoo wetu unatembea kifua mbele kwa sababu yake.

Mwenye hadithi alikuwa Shangazi Matilda, binti wa Mvushaji. Nilikwenda nyumbani kwake, sehemu ambayo siku hizi ni Viwanja Sitini, enzi hizo mashamba matupu. Nikamkuta anapeta mchele.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Umenenepa. Hiyo kazi yako ya kupiga kelele inalisha."

Nikamweleza. Alinisikiliza ungo ukiwa umesimama hewani. Akasema, "Wazungu wa picha wanamtaka mama yangu?"

"Wanataka hadithi yake, Shangazi."

"Hadithi yake ndiyo yeye. Watasema ilivyokuwa?"

"Watasema."

"Nani ananihakikishia?"

Nikasema, "Mimi. Mimi ndiye nitakayekuwa na kipaza sauti."

Akaendelea kupeta. Halafu akasema, "Haya. Wewe, basi. Simjui mwingine." Kwetu, mtoto wa kaka akimpa shangazi yake neno, hilo si neno la kuchezea. Shangazi ndiye aliyenisimamia nilipooa, ndiye ambaye angenizika nikitangulia. Nikilivunja, sina kwetu.

Mwisho wa masika, maji yakiwa bado yamejaa mbugani, tukaja Ifakara na kamera. Aliyetengeneza picha tulimwita Bwana Picha. Si mtu mbaya. Alipenda perege wa kukaanga na aliamkia wazee vizuri. Wa kuigiza nafasi ya bibi tukampata Bernadeta, mke wa mvuvi, mwanamke ambaye tangu anaota meno amesimama ndani ya mtumbwi. Siku mbili za kwanza mambo yalikwenda sawa. Jumbe wetu, fundi cherehani aliyevalishwa kilemba, alitoa shikamoo zake zote, watu wa ukingoni wakaitikia, mimi machozi yakanilenga. Nikasema moyoni, neno langu limetimia.

Siku ya tatu Bwana Picha akasema, "Sasa mama aanguke."

Nikamwambia, "Hakuanguka, bwana."

"Najua. Lakini amri ni kila picha."

Nikabisha kadiri nilivyoweza, nikasema hii si hadithi ya mlevi. Akaniambia kwa upole, "Na mimi nina bwana wangu." Nikanyamaza. Nasema wazi: nilinyamaza. Nilimfikiria mtoto nyumbani.

Lakini Bernadeta hakuanguka! Hakukataa, jamani, alijitahidi. Bwana Picha anapiga kelele, "Sasa!" naye anajiinamisha, mtumbwi unalala ubavu, na miguu yake yenyewe inaurudisha. Mara ya pili, vivyo hivyo. Mara ya tano Bwana Picha akatia watu wawili majini wautikise mtumbwi kutoka chini. Wakachoka wao.

"Mama, anguka tu!" Bwana Picha akalia.

"Nataka, baba," Bernadeta akajibu, "ila miguu haitaki."

Wanawake wa ukingoni walicheka mpaka wakakaa chini. Mtu wa bonde letu hafundishwi kuanguka mtumbwini, kama vile wewe hujafundishwa kusahau kumeza. Jua likawa linashuka. Bwana Picha akatazama huku na huku, macho yake yakamwangukia Shomari, aliyekuwa ameegemea gari anakula muwa.

"Wewe umewahi kupanda mtumbwi?"

"Hapana, bwana, na sitaki."

Wakamvalisha khanga za Bernadeta na kitambaa kichwani, wakampandisha, akanyooka mara moja tu akapitiliza kichwakichwa. Kamera ikapata ilichotaka. Tulimtoa anatapika matope na kutukana kwa Kizaramo, nami kwa kumsafisha sikuona vipande vilivyopigwa baadaye.

Miezi ikapita. Picha ikarudi imeshasafishwa na kuungwa, nikaonyeshwa Morogoro ili nijiandae. Nilitazama nikiwa nimekaa kwenye sanduku la rili. Mvushaji anakuja, anampakia Jumbe, anatikisika, anaanguka kama gunia. Jumbe anamvuta kwa kitambaa, anamcheka, anampandisha, yeye Jumbe anashika pondo na kumvusha bibi yangu. Mwisho wanaonekana wamekaa pamoja wanakula, mume na mke. Shikamoo hata moja haikuwemo. Nikamuuliza Shomari, akasema vipande vile vilikatwa kwa mkasi Dar es Salaam. Vilikuwa virefu, havichekeshi.

Meneja akaniambia picha itaanzia Ifakara, kwenyewe, na yeye atakuja kushuhudia. "Uwachekeshe sana pale kwenye maji," akasema. "Ukiharibu, kazi hakuna."

Nikaenda nyumbani nikamweleza mke wangu. Mke wangu alikuwa Mpogoro, na Wapogoro hawazunguki. Akasema, "Ukifukuzwa tutalima. Shangazi akikufukuza tutakwenda wapi?" Akageuza ugali, mazungumzo yakaisha.

Siku ya kuonyesha picha, Ifakara nzima ilikuja. Walitoka mpaka kijiji cha Mbingu, kwa miguu. Shangazi Matilda aliketi mbele kabisa kwenye kigoda chake, amevaa vitenge vya Pasaka. Meneja na Bwana Picha wakapewa viti. Jua likazama, Shomari akawasha.

Rili ya kwanza, ya pili, nilisimulia kwa uaminifu. Watu walikuwa wanajiona kwenye shuka na kupiga vigelegele, "Yule mimi! Yule ng'ombe wangu!" Ikaja rili ya tatu. Mtumbwi ukaanza kutikisika. Nilimwona Meneja akijisogeza kitini. Nikakisogeza kipaza sauti karibu na mdomo.

Mvushaji akapitiliza majini, khanga zikapanda, miguu ikabaki juu.

Na mimi nikasema, "Ndugu zangu, hapa mnaona mtu anaanguka. Bibi yangu hakuanguka. Huyu siye."

Mwanamke mmoja nyuma akapaza sauti, "Mbona hiyo miguu naijua?"

Mwingine, "Tazameni misuli! Miguu ya dereva hiyo!"

Uwanja ukalipuka. Bernadeta akasimama, mikono kiunoni. "Ni yeye! Mimi walinibembeleza nianguke, nikashindwa! Shomari, nirudishie khanga zangu!" Na Shomari kutoka kwenye projekta, "Njoo uzichukue, zina matope yenu!" Watu walicheka hasa. Meneja naye alikuwa anacheka, hajajua wanacheka nini, maana mengine yalisemwa kwa Kindamba, lugha ya bonde letu.

Nikaendelea. Kila shuka lilipodanganya nilisema limedanganya. Jumbe aliposhika pondo nikasema, "Hilo pondo ameshika juu chini, huyu ni fundi cherehani." Wakati wanakula pamoja nikasema, "Hawakula pamoja hata siku moja. Sasa ngojeni niwaonyeshe kilichokatwa."

Rili ya nne ikaisha. Kawaida Shomari huzima taa. Sikumwomba, wala hatukupanga. Aliuondoa utepe, akaiacha taa iwake. Shuka likawa jeupe tupu, weupe unaouma macho. Nikasimama mbele yake, kivuli changu kikawa kirefu, nikaokota ufito uliobaki wa kufungia shuka nikaushika kama pondo.

Nikasema kwa sauti ya Jumbe, nzito, inayojivuta: "Mkulima, shikamoo."

Uwanja mzima ukaitikia: "Marahaba!"

"Mjane, shikamoo."

"Marahaba!"

Nikawapitia kipofu, mvuvi, mganga wa mifupa, mfinyanzi. Kila mara sauti ile ilirudi kubwa zaidi, mpaka mbwa wa mjini wakaanza kubweka. Wazee walikuwa wamesimama. Nilipomaliza nikaweka kipaza sauti juu ya sanduku, nikamtazama Meneja, nikangoja.

Asubuhi akaniita alipofikia. Nilikwenda nimevaa shati langu mwenyewe, la kampuni nimelikunja kwapani. Akanirukia kwa furaha.

"Umeona watu walivyofurahi? Sijapata kuona! Kuanzia sasa picha zote tutafanya hivyo. Tunakata mwisho, shuka linabaki tupu, msimulizi anagombana na picha, watu wanaitikia. Kila picha! Wewe utawafundisha wasimulizi wengine."

Huyu mtu hakuwa amekasirika hata kidogo. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake, si kwa hili. Ningekubali, mshahara ungepanda, ningekuwa msimamizi, na ile marahaba ya watu wetu ingekwenda kukaa kwenye foleni nyuma ya mwizi wa kuku na dimbwi.

Nikasema, "Bwana, mimi sikugombana na picha ili watu wafurahi. Niligombana nayo kwa sababu ni ya uongo. Rudisha vile vipande, nitaisimulia mpaka nikauke koo."

"Vimetupwa."

"Basi mtafute mwingine." Nikaliweka shati mezani.

Akaniita mpumbavu. Sikubisha, nilikuwa na haraka.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Shangazi. Alikuwa anaanua mpunga. Nikamwamkia, nikangoja anisifu, nisiseme uongo. Akaendelea na mpunga wake. Mwishowe akasema, "Umesahau mmoja."

"Nani, Shangazi? Nimewataja wote kama ulivyonifundisha."

"Uliyofundishwa siyo yote. Mimi sikuwahi kujitaja, haikuwa hadithi yangu." Akajipigapiga mgongoni kwa kiganja. "Nilikuwa hapa. Mgongoni mwa mama, nimefungwa na mbeleko. Jumbe alipomaliza watu wa ukingoni, mama alimgeukia akamwambia, na huyu. Jumbe akamwamkia mtoto wa miezi minne."

Nikakaa chini kando ya mpunga wake.

"Sasa hao mabwana zako," Shangazi akasema, "wakimwangusha mama yangu kichwakichwa, mimi wananipeleka wapi?"

Kampuni ilimpata msimulizi mwingine, ikaenda na picha ile Kilosa na kwingineko, na najua huko watu walimcheka bibi yangu akianguka. Siwezi kufuta hilo. Ila bonde hili lote, toka Mbingu mpaka Mngeta, nililipitia kwa baiskeli, kila msimu wa mavuno, kila kwenye harusi na matanga, nikaisema ilivyokuwa na mtoto mgongoni. Mkate wangu niliutafuta kwenye kivuko, nikifunga na kufungua kamba za magari mpaka nikastaafu. Vijana wanaoniuliza kama sijuti nawajibu kwamba kamba za kivuko hazikuwahi kunitaka niseme uongo.

Juzi wamekuja vijana watatu na kamera ya video, inaingia kwenye mfuko. Wamevaa miwani nyeusi ndani ya nyumba. Wamesikia kuna hadithi ya bibi wa mtoni. Mkubwa wao akasema, "Mzee, shikamoo. Siku hizi soko ni majini na uchawi. Tunataka azame, halafu aibuke jini. Itauza kinoma."

Nikamwambia, "Marahaba. Keti."

"Tuna haraka kidogo, mzee."

"Dereva wenu kaenda kula samaki, hamna mnakokwenda. Keti. Na hicho kidude kiwashe." Akatazamana na wenzake, akaketi, akakiwasha. Safari hii nikaanza na mtoto wa miezi minne.